Mbao Mbili, Rangi Moja

Kola ya mbao, ile gundi ya maseremala, ndiyo iliyoniponza. Likizo ilikuwa imewachosha wanangu wawili, wakaja kunionyesha kwenye simu video ya mtu anayemwaga rangi: anazimimina rangi nne katika kikombe kimoja, bila kukoroga, anakipindua juu ya ubao, anakiinua, kisha anauinamisha ubao huku na huku mpaka rangi zinafukuzana zenyewe hadi ukingoni. Waliniapia kwamba tukijaribu hivyo nyumbani hawatagombana tena mpaka shule zifunguliwe. Mimi si mjinga, lakini nilikuwa nimechoka. Nikanunua vikopo vya rangi ya maji, nikaomba kwa seremala wa jirani kola nyeupe robo chupa, tukatandaza magunia barazani na kuanza kuchanganya katika vikombe vya yogati. Harufu ya ile kola ilipopanda, tamu kidogo na chachu kidogo, nilisimama na kijiti mkononi na sikusikia tena watoto wanasema nini.

Nilipozinduka, mdogo alikuwa ananung'unika kwamba ubao wake haukutoka kama wa dada yake. Alitaka uwe vilevile kabisa, tuumwage upya. Dada yake akamwambia haiwezekani, rangi za kumwaga hazitoki sawa mara mbili. Alisema hivyo kwa wepesi tu, huku anajifuta vidole kwenye gauni alilokatazwa kujifutia. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, na pale nikaona kwamba jambo hili sijawahi kumsimulia mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Nawasimulia ninyi wa rika langu, hasa mliokulia Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, maana mtanielewa nikisema kwamba yako mambo ya wazee tuliyoyaelewa vibaya, si kwa ujinga, bali kwa utii.

Nilizaliwa wa pili. Kwetu, kwa watu wa Kasai, mapacha, au mapasa kama tunavyosema Lubumbashi, hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga, na wazazi nao wanapoteza majina yao siku hiyohiyo: baba anakuwa Shambuyi, mama anakuwa Mwambuyi, na mtaa mzima unawaita hivyo maisha yao yote. Mimi ni Kabanga. Mbuyi alinitangulia kwa dakika chache, na kwa ajili ya dakika hizo alinitawala miaka minane. Yeye ndiye aliyekuwa anasema. Mtu akiniuliza jina langu, Mbuyi alijibu. Dukani yeye aliagiza, mimi nilibeba. Sikuona ubaya wowote. Mdomo nilikuwa nao, ila ulikuwa kwenye uso wa mwenzangu.

Sheria ya mapasa ni moja na kila mtoto wa mtaa aliijua: kinachompata huyu kimpate na yule, kwa kipimo kilekile. Anayetaka kumpa Mbuyi ndizi aje na ndizi mbili, la sivyo ale mwenyewe. Magauni yetu yalikatwa katika kitambaa kimoja. Kaku, yaani bibi yetu mzaa baba, alitupakulia bukari, ugali wetu, kwa mwiko mmoja, kisha akazitazama sahani zote mbili amefumba jicho moja, kama fundi anayeangalia ukuta umenyooka au la. Mmoja akichapwa, na mwingine achapwe, na Mbuyi, ambaye utundu ulikuwa kazi yake ya kila siku, aliifurahia sana sheria hiyo, kwa sababu nusu ya makosa yake nililipia mimi. Kaku alituambia kwamba pacha akionewa anaweza kukasirika na kurudi alikotoka. Alilisema hilo kama mtu anavyosema kwamba nguo zikiachwa nje zitanyeshewa.

Baba alikuwa fundi wa rangi. Alipaka majumba ya Golf, mtaa wa matajiri, yenye kuta ndefu na mbwa wanaokula nyama kila siku, na jioni alirudi Kamalondo na madoa meupe kwenye nyusi. Mama aliuza vitenge. Mara moja kwa juma alikwenda kuvinunua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akarudi kesho yake na mabunda yake. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na ua mdogo nyuma, penye jiko la Kaku na kinu chake. Hatukuwa matajiri wala hatukuwa na njaa.

Siku moja ya mvua Mbuyi alilala mchana, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kichwa kilimuuma. Nilikaa mlangoni peke yangu, na mama mmoja aliyeuza bitumbula ng'ambo ya barabara, vile vitumbua vya unga wa ngano tunavyokula asubuhi, alikuwa anafunga meza yake. Akaniita, akanipa kimoja kilichobaki. Sheria aliijua, ndiyo maana akanisisitizia nikagawane na mwenzangu. Na kweli nilikusudia kugawa. Nilianza kwa kula upande wangu. Nikaona nimekata vibaya, upande wake umezidi, nikasawazisha. Nikasawazisha tena. Nilipofika mlango wa chumba alimolala Mbuyi, mkononi nilikuwa na mafuta tu. Alifumbua macho, akanitazama, akayafumba. Niliamini kabisa kwamba ameinusa mikono yangu.

Kesho yake walimpeleka hospitali. Siku ya nne baba na mama walirudi bila yeye.

Nimehudhuria misiba mingi tangu wakati huo, na najua Lubumbashi inavyolia watu wake. Wa Mbuyi haukuwa hivyo. Padri alikuja, akasali, akaaga. Alipokwisha kupotea kwenye kona, wanawake wa Kasai wakafunga vitenge viunoni na kuanza nyimbo za mapasa, zile za matusi ambazo wazazi huimbiwa siku mapasa wanapozaliwa. Walimtukana baba yangu, wakamtukana mama yangu, viungo vyote vya mwili vikatajwa kwa majina yake, watu wakacheka na kucheza. Mama naye alicheza. Mpaka leo namwona, ameyakaza meno, miguu yake inaikanyaga ardhi iliyolowa, na hakuna machozi usoni. Mimi nilikuwa nimezoea kwamba penye ngoma pana sherehe, kwa hiyo nilitafuta ni sherehe gani. Kaku akanivuta pembeni, akanipaka pemba usoni na mikononi, ule udongo mweupe wa baraka, kisha akanishika taya.

“Bantu habaliliake mapasa,” aliniambia, yaani mapacha hawaliliwi. “Mbuyi alienda kukata kuni. Ukilia, atasikia, atarudia kukubeba na weye. Unasikia?”

Nilisikia. Shida ni kwamba nilisikia kama alivyosema, neno kwa neno.

Mtoto mwingine angeuliza maswali. Lakini kwetu wa kuuliza alikuwa ni Mbuyi, na Mbuyi alikuwa ameenda kukata kuni. Ikabidi nifikiri mwenyewe. Kamalondo hakuna aliyepika kwa kuni, sote tulitumia makala, yaani makaa. Kuni, kwa masimulizi yote ya Kaku, zilikuwa mambo ya kwao Kasai, ambako mtu akitoka nyumbani anaukuta msitu unamngoja. Basi Mbuyi yuko Kasai. Treni ya Kasai nilikuwa nimesikia watu wazima wakiilalamikia, kwamba inaweza kukaa njiani majuma mawili, na ikiharibika porini hata mwezi. Hilo likanitosha kueleza kwa nini hajafika. Kuhusu kwa nini aliondoka bila kuniaga, yeye ambaye hata chooni alikwenda na mimi, sikuhitaji kufikiri sana. Alikuwa ameonewa kitumbula.

Na nyumbani kila kitu kilinithibitishia. Kaku aliendelea kupakua sahani mbili. Mama alirudi kutoka mpakani na kitambaa cha maua ya njano, akampa mshonaji atoe magauni mawili ya kipimo kimoja. Moja nikavaa, la pili likakunjwa sandukuni. Nani anamshonea gauni mtu asiyerudi? Leo najua kwamba sheria ya mapasa haikomi msibani. Anayebaki anaendelea kupewa kwa mbili, ili aliyetangulia asimwonee wivu na kumvuta. Watu wazima wote walilijua hilo, na kila mmoja wao alidhani mwingine ameshanieleza.

Upweke wa miezi ile sijaupata tena, hata nilipokuja kuishi peke yangu katika mji ambao sikumjua mtu. Watoto wa mtaa walikuwa wamekatazwa na mama zao wasinilize. Waliambiwa kwamba pacha aliyebaki akilia anajiita mwenyewe, na hakuna aliyetaka kifo changu kiwe juu yake. Kwa hiyo hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenitania, hakuna aliyethubutu kunishinda. Nikiingia kwenye mchezo wa kamba, kamba ilizungushwa polepole kama ninaruka usingizini. Nikikosea, walisema sikukosea. Mtoto anayeachiwa ashinde anajua kwamba anaachiwa, na baada ya siku chache niliacha kwenda. Sijui kama walifurahi, lakini niliwasikia kutoka uani wakianza kugombana tena vizuri.

Shuleni nilikaa upande wangu wa benchi, na mwalimu hakumweka mtu upande wa pili. Siku zilipita nikirudi nyumbani bila kutamka neno tangu asubuhi. Sikuwa nimenuna. Sikujua tu jinsi ya kuanza, kwa sababu sikuwahi kuanza mimi. Usemi wetu wote Mbuyi alikuwa ameondoka nao.

Mama naye alizidisha safari. Alizoea kwenda Kasumbalesa mara moja kwa juma, sasa akaenda mara mbili, na kila akirudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la malori yanayopanga foleni pale mpakani. Nilipokuwa mtu mzima aliniambia mwenyewe kwamba kule, katikati ya madereva na wabadilishaji fedha, hakuna aliyejua kuwa yeye ni Mwambuyi. Alinunua vitenge vyake, kisha akakaa nyuma ya lori la mtu yeyote na kulia mpaka atosheke, na wapita njia walidhani amenyang'anywa mzigo na watu wa forodha. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba mama hayupo, na nilimkasirikia.

Nikabaki na Kaku na baba. Jumamosi baba alifanya kazi nusu siku, na alirudi na mabaki ya rangi: nyeupe ya dari, krimu ya kuta, nyekundu ya matofali, kijani hafifu kutoka kwenye nyumba ya mama mmoja wa Golf aliyebadilisha mawazo mara tatu. Aliyaongezea maji na kola ya mbao, kama mafundi wanavyofanya ili rangi ishike kwenye ukuta wa vumbi, akawapa majirani wapakie milango yao. Ndiyo maana milango ya mtaa wetu ilikuwa na rangi za kitajiri zilizofifia kwa maji.

Jumamosi moja nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, anaongeza kola katika kopo hili na lile, mara kopo moja likapinduka juu ya kipande cha tripleksi, ule ubao mwembamba wa plaiwudi. Ndani mlikuwa na krimu, juu yake nyekundu, juu yake nyeupe, hazijakorogwa. Zikatoka pamoja, zikatanuka, na mahali palipokuwa na tone la mafuta zikafunguka macho madogo ya duara. Baba alichukua kitambaa afute. Nikamwambia hapana. Lilikuwa neno langu la kwanza siku ile, na labda la juma lile. Aliweka kitambaa chini, akaishika mikono yangu na kuiweka chini ya ubao. Tukauinamisha pamoja, kushoto, kulia, tena kushoto, na rangi ikatembea taratibu hadi kwenye pembe zote nne. Ilikuwa nzuri kuliko ukuta wowote wa Golf. Nilicheka.

Kisha nikaogopa. Nilikuwa nimepewa kitu kizuri peke yangu, tena kwa mara ya pili. Nikamuuliza baba, ubao wa Mbuyi uko wapi?

Baba alitafuta kipande kingine cha tripleksi kilicholingana na cha kwanza, akajaza kopo krimu, nyekundu, nyeupe, akamimina. Huo wa pili ukatoka na uso wake mwingine: nyekundu ilikimbilia pembeni, katikati pakabaki tope la waridi, na hapakuwa na jicho hata moja. Baba akasema nao ni mzuri. Mimi niliona wazi kwamba Mbuyi ameonewa tena, mbele ya macho yangu, na nikaona pia dawa yake. Nilitakiwa kutengeneza mbao mbili zinazolingana kabisa, kama magauni, kama sahani za Kaku. Siku mbao zitakapolingana, kitumbula kitakuwa kimelipwa, na Mbuyi atapanda treni arudi.

Hivyo Jumamosi zetu zikapata kazi. Nilipima kila rangi kwa kopo la nyanya, nikalifuta ukingo kwa kidole ili lisizidi. Nilihesabu matone ya mafuta. Nilikata kijiti cha kupimia kopo linainuliwa juu kiasi gani kabla ya kumimina, na tulipoinamisha ubao nilihesabu kwa sauti, mpaka tano huku, mpaka tano kule. Baba alinifundisha kwamba rangi nzito huzama na nyepesi hupanda, kwamba kola ikizidi rangi inavutika kama kamasi, maji yakizidi inapasuka ikikauka. Alidhani nacheza, na alifurahi kusikia nahesabu. Kaku alitazama kutoka jikoni, akaona mbao mbili, akaridhika kwamba mtoto anafuata desturi. Majirani walimtania baba kwamba amefungua shule ya kuta zilizopotewa na akili. Jozi zilipangwa kando ya ukuta, wa Kabanga na wa Mbuyi, na hakuna jozi iliyolingana. Walidhani nimepata mchezo, na mimi nilikuwa peke yangu kazini, na kazi ilikuwa inanishinda.

Nililala nikiwaza kosa liko wapi, na juma moja nikapata wazo ambalo nilishangaa halikunijia mapema. Kosa lilikuwa kumimina mara mbili. Jumamosi ile nilimwomba baba aziweke mbao mbili zikigusana ubavu kwa ubavu, kisha tumimine mara moja tu, katikati, kopo moja kubwa juu ya mpaka wao. Wakishakula sahani moja, nilifikiri, tutawatenganisha. Mama alikuwa Kasumbalesa. Kaku alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu, mchi unapanda na kushuka. Baba alipiga magoti, akashika kopo, akamimina.

Rangi ikatanuka duara, nusu kwangu, nusu kwake. Nyeupe ndani ya nyekundu, nyekundu ndani ya krimu, na duara lilikuwa zima. Nikahesabu mpaka tano. Baba akavuta ubao mmoja, mimi nikavuta mwingine, polepole, na kwa muda wa pumzi mbili zilikuwa sawa. Naapa zilikuwa sawa. Nilitaka kumwita Kaku aje aone. Kisha kila nusu ikaanza kwenda kwake. Yangu ikatulia na kufungua macho, moja, mawili, matano. Ya Mbuyi ikakimbilia upande uliokatwa, ikavuka ukingo, ikaanza kudondoka chini kwenye udongo. Nikaweka viganja kuizuia. Ikapita kati ya vidole. Nikajaribu kuirudisha juu ya ubao kwa mikono yote miwili, na kadiri nilivyoirudisha ndivyo ilivyochafuka, mpaka ubao wa Mbuyi ukawa rangi moja tu, ile ya tope.

Baba alisema si kitu, tutafanya mwingine. Nikamwambia ni kitu. Na hapo nikayatoa yote, mimi ambaye sikuwahi kusema sentensi tatu mfululizo.

“Papa, nilikulaka kitumbula miye peke yangu. Sikumuachiaka Mbuyi hata kidogo. Njo maana harudie.”

Aliniuliza kitumbula gani, na harudi kutoka wapi. Nikamweleza kuhusu mama wa bitumbula, kuhusu Kasai na kuni na treni inayoharibika porini, na kuhusu mbao hizi ambazo zikilingana tu, Mbuyi atajua kwamba nimejuta. Kadiri nilivyosema, uso wake ulibadilika. Alikuwa bado ameshika ubao wangu, akauweka chini taratibu sana. Akatazama kuelekea jikoni, akanitazama mimi, na niliona kwamba anaogopa, ingawa sikujua baba yangu anaweza kuogopa nini.

“Kabanga, Mbuyi haiko Kasai,” alisema. “Alikufwaka. Ilikuwa malaria, ilimupandia mu kichwa. Alikufwaka ku hospitali, mu mikono yangu. Haikukuwa kitumbula.”

Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa ametamka neno hilo. Mchi wa Kaku ulinyamaza. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza kwa sababu nilikuwa fundi sasa, na fundi hakubali kirahisi.

“Na kama tunapima muzuri zaidi?”

“Hata tupime namuna gani, mama,” alisema, maana ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti yake anayempenda. “Mulikuwaka babili. Hamukuwaka muntu mumoja.”

Kaku alikuwa ameshafika na mchi mkononi, majani ya sombe yamemganda kwenye vidole. Alimwambia baba anyamaze, kwamba anamwita na wa pili, kwamba amezika mjukuu mmoja na hana nguvu za kumzika mwingine. Hakuwa mkali. Alikuwa anasihi. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimbishia mama yake, alibaki amepiga magoti palepale.

“Mama, muache alie,” alisema. “Mutoto anabeba muzigo yenye haiko yake.”

Sikungoja ruhusa ya Kaku. Kilio kilikuwa kimeshatoka, na hakikutoka kama vile watoto wanavyolia wakianguka. Kilinitoka tumboni na kuniinamisha, kikakaa muda mrefu bila sauti, kisha sauti ikaja na ikanitisha mwenyewe, kwa sababu ilikuwa kubwa, na ilikuwa yangu. Nilimlilia Mbuyi. Nilililia benchi na kamba iliyozungushwa polepole. Nililia kwa sababu sikuwa nimefanya kosa lolote, na kama sikuwa nimefanya kosa, basi hakukuwa na kitu ambacho ningeweza kukirekebisha. Katika kulia kwangu nilimwona Kaku anakuja, nikadhani anakuja kunifumba mdomo.

Aliutupa mchi. Akakaa chini, kwenye udongo, juu ya rangi iliyomwagika, yeye aliyekuwa hakai pasipo na mkeka, na akanikamata vifundo vya miguu yote miwili. Alinikamata kwa nguvu, kama unavyomkamata kuku anayetaka kuruka ukuta. Hadi leo simcheki. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kulia kwangu kunamfungulia Mbuyi mlango, kwamba yuko njiani kunichukua, na alikuwa mwanamke mzee asiye na kitu kingine cha kumzuilia isipokuwa vidole vyake. Nililia mpaka jua likaondoka uani. Kila sauti yangu ilipokatika ili nivute pumzi, Kaku aliinua uso haraka.

“Kabanga, uko?”

“Niko, Kaku.”

“Lia basi,” alisema, na akazidi kukaza vidole. “Lia. Niko nakushika.”